Valasi na Mwanaume Aliyenyamaza

Msafara wa magari kutoka uwanja wa ndege ulipopita kijiji cha Vaiusu, hapa Samoa, asubuhi ile ya Alhamisi, Fereti alikuwa juu ya paa la kanisa, misumari minne mdomoni na nyundo mkononi. Hakuhitaji kuambiwa ni nani anayepita. Kwa wiki mbili redio yetu haikuwa na habari nyingine: Valasi, binti wa mwalimu Aukuso wa Lotopa, ametangazwa mwigizaji bora wa kike katika tamasha kubwa la filamu huko Ulaya, na sasa anarudi nyumbani na filamu yenyewe ili na sisi tuione.

Fereti aliipa barabara mgongo, akaanza kupigilia msumari ambao tayari ulikuwa umezama.

"Fereti, huo msumari umekukosea nini?" fundi mwenzake mmoja aliuliza.

"Fanyeni kazi."

"Sisi tunafanya kazi. Wewe ndiye unayempiga aliyekwisha kufa."

Wakacheka. Kicheko kikakatika ghafla, kwa sababu gari la tatu lilikuwa limesimama. Mlango ulifunguliwa, akashuka mwanamke wa gauni la buluu, mashada ya maua yamemjaa shingoni hadi kidevuni. Alivuka nyasi za kanisa peke yake, akafika chini ya ngazi, akakinga jua kwa kiganja na kutazama juu.

"Fereti!"

"Talofa, Valasi," alijibu, ila kwa ile misumari mdomoni ilisikika kama mtu anayeumwa jino.

"Shuka."

"Niko kazini."

"Naona. Shuka."

"Mvua inakuja, na paa liko wazi."

"Sawa. Basi napanda mimi."

Akavua viatu, akakunja gauni, akaweka mguu kwenye kipago cha kwanza. Msafara mzima ulikuwa umetoa vichwa madirishani. Fereti alitema misumari, akateremka mbio hata akaruka vipago viwili vya mwisho, wakajikuta wamesimama uso kwa uso, karibu kuliko alivyokusudia yeyote kati yao.

Miaka tisa. Fereti alikuwa na mvi chache juu ya masikio. Valasi alikuwa na mikunjo midogo pembeni mwa macho ambayo kwenye filamu haikuonekana, na Fereti, kwa sababu asiyoijua, alifurahi sana kuiona ile mikunjo. Kana kwamba hiyo peke yake haikuwa ya dunia nzima.

"Una vumbi la mbao kwenye nyusi," Valasi alisema. Mkono wake uliinuka wenyewe ili amfute. Ulipofika nusu ya njia akaurudisha, akaufanyia kazi ya kurekebisha mashada.

"Hukusimamisha msafara kwa ajili ya nyusi zangu."

"Hapana. Namtaka mama yako. Nataka kuonana naye leo, kabla sijafika kwetu, kabla sijala, kabla ya mtu mwingine yeyote."

Fereti alikuwa amejiandaa kwa mengi, lakini si kwa hilo. "Mama yangu alikufukuza, Valasi."

"Najua. Nilikuwepo." Akamtazama bila kupepesa. "Na wewe ulikuwepo."

Ilikuwa kweli tupu. Miaka tisa nyuma walikuwa wachumba, siku imepangwa, kwaya imekwisha kuchagua nyimbo. Valasi alikuwa ametoka kuigiza filamu yake ya kwanza huko Sydney, na ndani yake mlikuwa na kipande ambapo anabusiwa mvuani na mwanaume wa Australia. Filamu ilipofika Apia, Tepora, mama yake Fereti, alikwenda hadi nyumbani kwa mwalimu Aukuso. Mbele ya wazee wa pande zote mbili alisema hawezi kupokea mkwe aliyebusiwa mbele ya kila mwenye macho. Valasi alimgeukia Fereti. Wazee nao walimgeukia Fereti. Na Fereti alitazama vidole vya miguu yake, asiseme neno, mpaka Tepora aliponyanyuka na kusema, "Twende," naye akanyanyuka akaenda.

Wiki iliyofuata Valasi alipanda ndege.

"Yuko sokoni," Fereti alisema sasa. "Nitakupeleka mimi."

Aliwaacha wenzake wafunike paa kwa turubai. Valasi aliutanguliza msafara ukamsubiri Lotopa, akapanda kwenye pikapu kuukuu ya Fereti iliyojaa mbao. Walikwenda kimya hadi walipofika Lepea.

"Umewahi kuona filamu zangu?"

"Mbili tatu."

"Ziko saba."

Fereti alibadilisha gia ambayo haikuhitaji kubadilishwa. "Basi saba."

Valasi aligeukia dirishani ili asionekane anatabasamu. Lakini lile tabasamu halikukaa. Kadiri walivyokaribia soko la Fugalei ndivyo alivyozidi kuukamata ukingo wa kiti. Mwanamke huyu alikuwa amesimama mbele ya watu elfu mbili waliovaa suti nyeusi akatoa hotuba bila karatasi, lakini leo viganja vyake vilikuwa vimelowa.

"Uniache niongee naye peke yangu," alisema.

"Utamwambia nini?"

"Akitaka ujue, atakwambia yeye."

*

Tepora aliuza kakao pale Fugalei kwa miaka thelathini na moja. Aliikaanga mwenyewe, akaitwanga mwenyewe, akaipanga kwenye vikombe kama askari kwenye gwaride. Alimwona Valasi kutoka mbali, soko zima likimpisha na kumshika mikono, lakini hakunyanyuka. Alijipepea tu kwa kipepeo chake cha ukili.

"Tulou," Valasi alisema, akiinama kupita mbele ya wakubwa. Akaketi chini kwenye mkeka nyuma ya meza, chini kabisa, gauni la buluu likalala juu ya maganda ya kakao.

"Huyo malkia amekosa kiti?" Tepora aliwauliza wenzake, kwa sauti ya kusikika. "Ulaya walimpa sanamu, kiti hawakumpa?"

"Kiti nilipewa, mama. Hapa sijapewa."

"Na hutapewa. Unataka kakao?"

"Nataka msamaha."

Kipepeo kikasimama. Tepora alitazama kulia na kushoto, akashusha sauti. "Kwa kosa gani? Lile busu? Limepita. Tumeona mengine tangu hapo. Lile la mwenye ndevu lilikuwa baya zaidi."

"Si busu." Valasi alivuta pumzi. "Filamu hii mpya inahusu mwanamke anayeuza kakao sokoni. Mume wake amekwenda Nyuzilandi kufanya kazi kiwandani, amepata familia nyingine huko, haandiki hata mstari. Na huyu mwanamke ana mtoto wa kiume anayeuliza kila siku kama barua ya baba imekuja."

Uso wa Tepora ulikuwa umebadilika rangi.

"Basi mwanamke anaanza kuziandika yeye," Valasi aliendelea, polepole. "Mwaka hadi mwaka. Mtoto anakua akidhani ana baba anayempenda."

"Nani alikwambia?"

"Hakuna aliyeniambia. Fereti aliwahi kunionyesha lile sanduku la barua. Aliziweka kama dhahabu. Siku ya pili nikaja kukusaidia hapa, nikaona ubao uliouandika 'Kakao mpya leo'. Ile herufi ya mwisho ina mkia uliopinda hivi, sawasawa na wa kwenye barua." Akachora hewani kwa kidole. "Nilisimama nikautazama ubao. Nilipogeuka, ulikuwa unanitazama."

"Nakumbuka."

"Sikumwambia Fereti. Hata leo hajui. Lakini mwandishi wa filamu alipotuomba kila mwigizaji amtaje mwanamke shujaa aliyewahi kumjua, mdomo wangu ulisema kabla sijafikiri. Sikukutaja jina. Maneno ya barua ni ya kubuni, hakuna hata neno moja la kwako. Lakini mwendo wangu mle ni wako. Ninavyojipepea ni wewe. Ninavyokataa kulia mbele ya wateja ni wewe. Tulipiga picha Auckland, hapa hakuna aliyeiona. Jumamosi mchana wataiona wote. Nilichukua kitu chako bila kuomba, mama. Kwa hiyo nasema hivi: ukisema hapana, haitaonyeshwa Samoa. Nimeweka hilo kwenye mkataba. Neno lako tu."

Wateja wawili walifika mezani. Tepora aliwapungia mkono waende. Alivipanga upya vikombe vyake, kimoja kimoja, na Valasi hakuthubutu hata kujifuta jasho.

"Unajua kwa nini nilikufukuza?" Tepora aliuliza hatimaye.

"Kwa sababu ya busu."

"Busu!" Alicheka, kicheko kikavu, kifupi. "Mimi nimeolewa, nimezaa, busu linanitisha nini? Wewe ndiye uliyenitisha. Niliona macho yako kwenye ule ubao. Nikasema, huyu anajua. Ataingia nyumbani kwangu, watagombana siku moja kama wote wanavyogombana, na kwa hasira atamwambia mwanangu kwamba baba yake hakumwandikia hata siku moja. Nilingoja kisingizio. Halafu yule Mwaustralia akakubusu kwenye mvua, nikasema, asante Mungu."

Miaka tisa Valasi alikuwa amelala na kuamka akijiona kama kitu kilichochafuka. Alikuwa amesafisha ofisi Auckland kati ya filamu na filamu, amesimama mbele ya vioo vya hoteli akijiuliza kama kazi anayoipenda ndiyo iliyomharibia maisha. Kumbe haikuwa kazi. Machozi yalimtoka kwa ghadhabu na kwa nafuu pamoja, hata yeye asiweze kuyatofautisha.

"Ungeniuliza," alisema. "Ungeniuliza tu, mama. Ningekuapia."

"Ningekuulizaje bila kukiri?" Sauti ya Tepora ilipasuka. "Nilikuwa mwanamke aliyeachwa. Barua zile ndizo zilizonifanya nisionekane hivyo. Dada yangu wa Auckland alizitia stempu na kuzirudisha. Mpaka mume wangu Iosefo alipokufa kweli, ndiyo nikapumzika kuandika." Akafuta pua kwa ncha ya lavalava aliyojifunga kiunoni. "Mimi pia nina la kuomba. Nilikuchukulia kitu chako. Chako kilikuwa kikubwa zaidi."

Wakatazamana, mmoja juu ya kiti, mmoja chini, na kwa muda fulani haikujulikana nani anamsamehe nani. Kisha Tepora alivuta kigoda kwa mguu kutoka chini ya meza.

"Kaa hapa. Unachafua nguo ya watu."

"Na Jumamosi?"

"Huyo mwanamke kwenye filamu, watu wanamcheka?"

"Hapana. Watu walisimama, mama. Ukumbi mzima."

Tepora alichukua kipepeo chake, akaanza tena. "Basi ionyeshwe. Fereti nitamwambia mwenyewe."

*

Jumba letu la sinema halijawahi kujaa namna ile. Mvua ilianguka tangu saa sita, lakini watu walipanga mstari hadi barabara kuu, wamevaa nguo za kanisani siku isiyo ya kanisa. Wanawake wa Fugalei walifunga meza zao zote, wakakalia safu mbili za katikati. Mwalimu Aukuso aliketi mbele na binti yake, wima, mikono juu ya fimbo. Fereti na mama yake waliketi nyuma yao safu tatu.

Tepora alikuwa hajamwambia. Ijumaa alijaribu mara mbili, na mara zote mbili akaishia kumuuliza kama ameshiba.

Taa zilipozimwa na lugha yetu ikasikika kutoka kwenye kile kitambaa kikubwa, ukumbi ulipiga kelele ya furaha. Tulizoea kumwona Valasi akisema Kiingereza cha watu. Leo alibembeleza kwa Kisamoa, alitukana kwa Kisamoa, alimkemea mteja mchoyo kwa maneno ambayo kila mama wa soko ameyatumia, na wanawake wa Fugalei walijipiga mapaja na kuulizana, "Huyu si wewe? Au ni mimi?"

Fereti hakucheka. Alikuwa ameuona mwendo ule. Aliona jinsi mwanamke yule alivyojipepea, jinsi alivyobana midomo akimtafutia mtoto neno. Aligeuka kidogo akamtazama mama yake.

Kikafika kipande cha meza ya jikoni. Mtoto amelala. Mwanamke anachukua karatasi, anaandika "Mwanangu mpendwa", anasimamisha kalamu. Anatazama ukuta. Halafu, bila chozi hata moja, anatabasamu kama mwanaume anayejisifu, anakohoa kama mwanaume, anaanza kuandika kama mwanaume anayempenda mwanawe. Dakika nzima Valasi hakusema neno mle, na watu mia nne hawakukohoa.

Tepora aliinama kwenye sikio la mwanawe.

"Ni mimi," alinong'ona.

"Nini ni wewe?"

"Barua. Baba yako hakuandika. Niliandika mimi."

Fereti aliendelea kutazama mbele. Mwanga wa filamu ulipita juu ya uso wake.

"Zote?"

"Zote."

"Hata ile ya randa? Aliyoniambia nijifunze useremala, kwamba mbao haimdanganyi mtu?"

"Hata hiyo. Nilikuona unavyopenda kuchonga. Nikafikiri, likitoka kwa baba atalisikia."

Kisha mkono wa mwanawe, mgumu na wenye makovu ya misumeno, ukaufunika wa kwake, ukaubana kwa nguvu hata ukauma.

"Kumbe nilikuwa na mzazi aliyenipenda kwa wawili," Fereti alisema. Ndipo akalia, mwanaume mzima, mabega yakitikisika, na hakuna aliyemshangaa kwa sababu nusu ya ukumbi ilikuwa inalia.

Mwisho ulipofika watu walisimama kabla taa hazijawashwa. Vigelegele vilianzia safu za soko vikafika mlangoni. Valasi alipanda jukwaani, akangoja, akajaribu kusema, vikamzidi, akangoja tena.

"Tuzo ile walinipa mimi," alisema mwishowe. "Lakini huyu mwanamke sikumtunga. Yumo humu ndani. Sitamtaja, labda apende mwenyewe."

Ukumbi ulitulia. Watu wakaanza kugeuza shingo. Na Tepora wa Fugalei, aliyeficha jambo lake kwa miaka thelathini, alisimama. Alijipepea tu, mara tatu, vilevile kama kwenye filamu.

Kelele iliyotokea, waliokuwa dukani ng'ambo ya barabara wanasema walidhani paa limeanguka. Wanawake wa soko walimnyanyua juujuu. Valasi alishuka jukwaani mbio akakumbatiwa na Tepora mbele ya wote. Katikati ya msongamano ule, juu ya bega la mama, macho yake yakakutana na ya Fereti. Hakuna aliyeyaondoa. Yalikaa palepale, mekundu, yamelowa, mpaka watu wakapita kati yao.

*

Jumapili baada ya ibada, mwalimu Aukuso aliwakaribisha Tepora na mwanawe kwa chakula cha mchana. Aliwakaribisha kwa sababu ya Tepora. Kuhusu mwanawe alikuwa na maoni mengine, na hakuyaweka mfukoni.

Magimbi yalikuwa yamekwisha kutoka kwenye mawe ya moto, samaki wako tayari, majani ya magimbi yaliyopikwa na tui yananukia nyumba nzima. Hakuna aliyegusa. Fereti alikuwa ameomba ruhusa ya kusema kabla ya sala ya chakula.

"Wewe?" mwalimu Aukuso aliuliza. "Useme? Mara ya mwisho ulipokaa kwenye mkeka huu nilidhani wewe ni bubu."

"Baba," Valasi alisema.

"Niache. Ulilia wiki nzima ndani ya chumba kile. Nilikuwa naweka sahani mlangoni, naiondoa imejaa. Sasa jina limekuwa kubwa, Ulaya wamepiga makofi, ndiyo ulimi wake umeota?"

"Una haki, mzee," Fereti alisema. Alikuwa amekunja miguu, mikono juu ya magoti, na safari hii hakutazama vidole. "Mama yangu amewaeleza kosa lake. Langu si lake. Watu wanadhani nilinyamaza kwa kumtii mama. Si kweli. Nilinyamaza kwa woga. Niliitazama ile filamu ya kwanza nikaona Valasi ni mkubwa kiasi gani, nikajitazama mimi na misumari yangu. Nikasema, akienda sasa hivi itauma kidogo kuliko akienda baadaye. Nilimwacha mama aseme hapana ili nisilazimike kusema kwamba naogopa."

Valasi alikuwa ameinua uso. Hili hakuwahi kulisikia.

"Na sasa huogopi?" mwalimu aliuliza.

"Naogopa zaidi. Lakini nimejua kunyamaza kunauma kuliko kuogopa. Namwomba binti yako, mzee. Kama atanitaka. Asipotaka, nitajua angalau nilisema."

"Na atakapombusu mtu mwingine kwenye filamu?"

"Nitakaa safu ya mbele."

"Ukifanya nini?"

"Nikitafuna bisi." Akameza mate. "Kwa nguvu."

Tepora alishindwa kujizuia, akapasuka kwa kicheko, na midomo ya mwalimu Aukuso ikacheza kidogo kabla hajaikaza.

"Samahani," Valasi alisema. "Mimi nitaulizwa, au mnamalizana wenyewe?"

Wote wakamgeukia. Hakuwa na mashada leo. Alikuwa na gauni la pamba la nyumbani, nywele zimefungwa na kalamu, miguu mitupu.

"Mwezi wa tatu naanza filamu Wellington," alimwambia Fereti. "Miezi minne. Baada ya hapo Sydney. Siachi, Fereti. Si kwa ajili ya mtoto, si kwa ajili ya kanisa, si kwa ajili yako. Nilipokuwa na miaka sita nilisoma aya mbele ya kanisa Jumapili ya Watoto, watu wakanyamaza kunisikiliza, na tangu siku hiyo sijui kuishi vingine."

"Nilikuwepo," Fereti alisema. "Nilikuwa na miaka minane. Nilisahau aya yangu kwa ajili yako. Nilichapwa."

"Usinichekeshe. Nauliza jambo la kweli. Nikiwa mbali miezi minne, utakuwa unafanya nini?"

"Wellington hawajengi nyumba?"

Valasi alimkazia macho.

"Fundi mbao ana kazi popote penye mvua," Fereti aliendelea. "Nimekaa Apia miaka tisa si kwa sababu siwezi kuondoka. Ni kwa sababu nilifikiri ukirudi, utanitafuta nilipokuwa. Nimechoka kungoja kutafutwa. Safari hii nitakufuata mimi. Na nikikukuta umechoka, umevaa nguo za mtu mwingine, unaongea kwa sauti ya mtu mwingine, nitangoja mpaka umalize, halafu tutakwenda kula."

Nzi alizunguka samaki, na hakuna aliyemfukuza.

Valasi alijua jinsi ya kusema ndiyo. Aliwahi kuisema mara nne kwenye filamu, kwa taa nzuri, na mara moja watu wa Ulaya waliandika kwamba sauti yake ilitetemeka kama jani. Sasa alifungua mdomo na sauti ikakataa kutoka. Pua ikaanza kuvuja. Kidevu kikamkunjana kama cha mtoto, akakwama katikati ya pumzi, akatoa mlio ambao hakuna mwongozaji angeukubali, na badala ya neno akatikisa kichwa juu na chini, juu na chini, huku akitafuta kitu cha kujifutia asikipate, mpaka Fereti akamsogelea kwa magoti akampa ncha ya shati lake la Jumapili.

"Mungu wangu," Tepora alisema. "Kwenye filamu hulia vizuri sana."

"Kule huwa analipwa," mwalimu Aukuso alijibu. Alimtazama binti yake aliyechafuka uso mzima, akicheka na kulia juu ya kifua cha yule seremala, na kwa mara ya kwanza tangu Alhamisi mzee aliweka fimbo yake chini. "Fereti, sogea huku, kaa upande wangu. Haya, tuombee chakula kabla hakijapoa. Omba wewe. Na useme kwa sauti, tukusikie."

Fereti aliinamisha kichwa, mkono wa Valasi ukiwa ndani ya mkono wake, akaomba kwa sauti hata majirani wakaitikia amina.